Notisi ya Mama Niliigeuza Pongezi

Kwako Mama Pauline wa ukurasa wa ushauri,

Naomba unisaidie na jina langu lisitoke gazetini kwa sababu Kehancha ni ndogo. Mimi ni msichana wa Form Two, nina haya sana, na mama ana nyumba ya kupangisha, na mpangaji wetu Bwana Omwenga ni fundi wa nguo ambaye hajalipa kodi miezi minne, eti wakulima anaowashonea wanangoja pesa ya tumbaku. Basi mama, ambaye hakusoma, akaniambia, "Mwandikie notisi, na iwe ya Kizungu, ndipo ashtuke." Nikaandika vizuri tu, kwamba asipolipa kufikia mwisho wa mwezi ahame, nikaipeleka, lakini Omwenga akaigeuza mara mbili akasema, "Binti yangu, hiki Kizungu ni cha korti. Hebu nisomee." Na mkewe Nyamusi alikuwa amejifungua juzi, yuko pale na mtoto, ananimiminia uji, nikashindwa, mdomo ukajisemea, "Mama anawapongeza kwa mtoto, na kodi itangoja tumbaku."

Kesho yake akaleta jogoo wa shukrani. Mama akasema, "Umeona? Kizungu kimemwingia." Tukamchinja, nikala paja. Sabato iliyopita Omwenga alisimama kanisani akamsifu mama kwa moyo wake mwema, bila kutaja kodi, mpaka watu wawili wameuliza kama tuna vyumba. Sasa zimebaki siku nne mwezi uishe na mama ameazima nyundo ya kung'oa mlango wa Omwenga. Nifanye nini?

Mwenye Haya

Mwanangu,

Pole. Kumsomea mtu barua ya kufukuzwa huku umeshika uji wake si rahisi. Lakini haya yako imewalisha jogoo wa watu, na sasa inataka kumlaza mtoto mchanga kwenye baridi.

Mama yako naye ana lake. Notisi huandikwa ieleweke, si itishe. Na akigusa bawaba ya mlango ule, yeye mwenye haki ndiye atakayeitwa kwa chifu.

Leo, kabla ya ugali, mwambie yote. Atafoka. Vumilia, paja ulilila wewe. Kisha andika notisi mpya kwa Kiswahili, umpe Omwenga mwezi mzima, maana ile ya kwanza hakuwahi kuisikia. Mama aweke kidole, mzee wa mtaa ashuhudie. Kama watapatana alipe kidogo kidogo, hayo ni ya wakubwa.

Ila kuisoma ni kazi yako. Nenda mwenyewe, soma kila neno mpaka pale pa kuhama, na usikubali kiti kabla hujamaliza.