Nyuma ya Pikapu ya Baba

3 Machi

Dada,

Natumaini u mzima, wewe na wenzako wa gereji. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, na kifua kinambana akipanda zile ngazi tatu za mlangoni.

Nimeishusha pikapu ya baba nyuma, inchi nne. Wabebaji jeneza waliobaki mtaani ni wazee watupu, na mwezi uliopita kiuno cha fundi viatu kiligoma katikati ya kunyanyua. Sasa hawanyanyui juu. Lakini nyuma inayumba. Jumamosi, kwenye kona ya shule, mkia ulitupwa pembeni, jeneza la mwalimu likateleza na kugonga mlango wa nyuma. Mjane alikuwa mbele pamoja nami. Hakugeuka.

Tangu hapo watu wananunua jeneza kwangu na kutafuta gari kwingine. Hilo navumilia. Lakini mama amesema siku yake hatabebwa na gari la kukodi, ni hili la baba tu. Alisema huku akikunja nguo, kama anayeagiza sabuni. Wewe ndiye fundi wa magari. Nifanye nini?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila magoti yananisema. Mama asiache dawa ya kifua eti kwa sababu amepata nafuu. Namjua.

Ungeniuliza kabla ya kushusha gari, ningekutukana mara moja. Sasa ni mara mbili. Shokapu ulizoacha ni ndefu kwa kimo kipya, zinafika mwisho na hazina pa kwenda. Funga fupi. Halafu paka grisi kwenye ile raba inayozuia ekseli isigonge chesisi, pakia uzito wa mtu mzima, pita kona ile polepole, uniambie grisi imefutika wapi. Usibebe maiti mpaka niseme.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shukrani kwa barua. Mama alilazwa siku nne, juzi wamemruhusu. Anatembea kwa kushika ukuta. Kuhusu gari, hajabadili neno.

Shokapu fupi nimefunga, na kurukaruka kumekwisha. Kuyumba bado. Grisi ya kushoto haijaguswa, ya kulia imefutika yote. Nimepima kwa uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma: kulia ni pafupi kwa vidole viwili. Na zile nati zinazobana springi na ekseli, nazikaza Jumatatu, Ijumaa zimelegea. Nimeshabadilisha nati mara mbili.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Mpe mama pole yangu, umsomee mwenyewe.

Nati hazina kosa. Zinalegea kwa sababu zinachokibana kinanywea. Vile vipande ulivyoweka kati ya springi na ekseli ili gari lishuke, ulinunua wapi? Ni chuma gani? Nijibu hilo tu.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Salamu. Nimekaa na barua yako wiki tano, nisamehe. Mama sasa analala akiwa ameegemea mito.

Sikununua. Nilichonga mwenyewe, kwa mbao. Ni mbao ngumu, zimekauka miaka minane, nikazipiga randa mpaka zikang'aa. Jeneza langu halijawahi kuachia kiungo, nikadhani na hapa nitaweza. Jana nimevifungua. Cha kulia kimebonyea upande mmoja na tundu la pini ya springi limepanuka. Ekseli ilikuwa inatembea, nami nilishabeba maiti saba hivyo kabla hujanikataza. Niliogopa utacheka.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Sijacheka. Uliwaonea huruma wazee, ila kazi ya chuma ukaipa mti.

Kwenye kifurushi hiki kuna vipande viwili vya chuma, nimevichonga hapa gereji, pamoja na bolti mpya. Hakikisha pini ya springi imeingia ndani ya tundu kabla hujakaza. Endesha kilomita hamsini, kaza tena. Jaribu na mawe, usijaribu na mtu. Hujaniambia daktari anasemaje.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Kifurushi kimefika salama. Daktari anasema tusihesabu miezi.

Nimefunga, nimeendesha, nimekaza tena. Uzi unapima sawa pande zote. Nimepita kona ya shule mara kumi na mawe, na hayakusogea.

Mama alitutazama mimi na fundi viatu tukiyashusha, kisha akaomba godoro. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akasema, "Siku ile sitakaa mbele."

Nilibishana naye mpaka akachoka kunisikiliza. Tukampandisha nyuma, fundi viatu akakaa naye kumshika bega, nikaenda mwendo wa baiskeli hadi makaburini na kurudi. Fundi viatu anasema hajawahi kusindikiza mzigo unaotoa amri.

Tulipomshusha alipumzika kwanza, pumzi ikarudi. Kisha akasema, "Nyuma kumetulia. Mwandikie dada yako aje nikiwa bado naweza kukaa."

Mdogo wako