Umemhukumu Corbin Bila Kuutazama Ukuta Wake

S.L.P. 88,
Harlan Flats, Texas.
Jumanne, 10 Oktoba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Royce,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, wewe na wifi yangu Maureen. Presha inaendeleaje? Natumaini unameza vidonge kila asubuhi, si siku unapokumbuka tu. Na mguu wa wifi umeponaje tangu alipoteleza kwenye ngazi? Mwambie asiwe na haraka ya kuitupa fimbo, barafu yenu inakuja.

Huku sisi ni wazima. Pamba imefunguka, mashine za kuvunia zinanguruma mashambani tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kabati la vikombe. Mgongo unanisumbua, lakini kila Ijumaa bado napanda ile ngazi ya chuma mpaka juu ya kibanda cha watangazaji kuipigia timu ya shule picha za video za mechi za mpira wetu wa Kimarekani, kama nilivyofanya tangu 1991.

Basi salamu zimekwisha. Kaa chini, maana nimekasirika, na wewe ndiye uliyenikasirisha. Ningekupigia, ila kwa simu huniachi nimalize sentensi. Barua huwezi kuikatiza.

Jumamosi nilikuwa mkahawani kwa Lottie. Unaijua meza ya wazee wa mpira: Buddy Haskett kaketi mwanzo wa meza, vikopo vya chumvi na pilipili vimepangwa kuwa wachezaji, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya tomato ili sauti yako itoke Alaska uwape hukumu. Miaka yote nimewaacha mcheze na chumvi yenu. Ila safari hii tulikuwa tumefungwa mara ya nne mfululizo, na Corbin, mrusha mpira wetu, alikuwa ameangushwa mara saba kabla hajapata hata nafasi ya kuurusha mpira.

"Haya bingwa, tuambie," Buddy akasema. "Huyu mtoto ni mchezaji au ni mzigo?"

Ukacheka. Nilikusikia ukicheka.

"Mkono anao, Buddy, sikatai. Moyo ndio hana. Akiona kivuli tu, mbio! Mimi nilikuwa nasimama, bwana. Mrusha mpira kazi yake ni kusimama."

"Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?" Buddy akapiga meza, kikopo cha chumvi kikaanguka. "Royce Pruitt mwenyewe kasema!"

Wakaangua kicheko meza nzima. Sasa sikiliza usichokiona ukiwa huko. Aliyekuwa amesimama nyuma ya Buddy na birika la kahawa mkononi ni Darla, mama yake Corbin, binti wa marehemu Gaylon, binti wa ndugu yako wa tumbo moja. Aliwamiminia kahawa wote watano, mmoja mmoja, hakumwaga hata tone, kisha akaingia jikoni. Mimi nikaacha mayai yangu yapoe, nikamfuata.

Jumapili tulipotoka kanisani tukakuta kibao cha "Nyumba Inauzwa" kimechomekwa uani kwa Darla. Unakijua. Hicho huchomekewa kocha anapofungwa sana, na nakiri hata mimi nilicheka mwaka ule yule kocha mnene alipoamka na kukuta kumi na viwili. Kocha ni mtu mzima na mshahara anakula. Mtoto wa miaka kumi na saba anachomekewa kwa kosa gani? Corbin akakitazama, akamwuliza mama yake, "Tunahamia wapi, Mama? Tafuta penye bahari." Alikuwa anajaribu kumchekesha. Niliking'oa kwa mikono yangu miwili, nikaenda nacho mpaka kwenye gari la Buddy, nikakitupa nyuma. Kama si yeye aliyekichomeka, basi anamjua aliyefanya.

Na jana Kocha Strickland kamwambia Corbin kwamba kuanzia sasa atakuwa benchi. Nilikwenda kumwona ofisini kwake. Si mtu mbaya, ila ni mwoga wa kutupwa.

"Bi Verna, nifanye nini?" akaniambia. "Hata Royce kaliona."

"Royce kaona nini? Yuko Alaska!"

"Watu wanamwamini, Bi Verna."

Umeelewa sasa? Uliutupa ulimi wako kama mzaha wa asubuhi, wao wakaugeuza sheria. Tarehe 27 ndiyo mechi yetu ya mwisho nyumbani, na kuna kocha wa chuo anakuja kutoka Abilene kumtazama Corbin, aone kama atampa nafasi ya kusoma bure. Aliandika barua mwezi wa nane, Darla kaibandika kwenye friji. Akimkuta mtoto amekaa benchi atageuza gari, na njia nyingine ya kumfikisha Corbin chuoni Darla hana. Atabaki kwenye pamba alikobaki babu yake.

Sasa tuongee mpira, maana usije ukasema dada yako analia tu.

Wewe unatazama ile video ya redio ya mji mtandaoni. Ile kamera inafuata mpira kama nzi anavyofuata asali. Unamwona Corbin, unamwona akikimbia, unamwona chini, basi, umeshatoa hukumu. Mimi niko juu, naona wote ishirini na wawili. Naona wale watano wanaosimama mbele yake kuwa ukuta. Jumamosi jioni nilikaa na picha zangu na saa ya jikoni, nikahesabu. Alirudi nyuma kurusha mara thelathini na moja. Mara kumi na tisa adui alikuwa amemfikia kabla ya sekunde mbili. Mbili, Royce! Katika sekunde mbili hata wewe usingemaliza kutafuta mshono wa mpira kwa vidole. Na katika ile mipira aliyofanikiwa kurusha, mitano iliwagonga wadakaji kifuani ikaanguka chini. Nayo ni kukosa moyo kwake?

Mara kumi na moja kati ya hizo kumi na tisa, adui alipitia kushoto, nyuma ya mgongo wa Corbin, kule asikoona. Na unajua nani analinda kushoto? Brody Haskett. Mtoto wa Buddy. Sina ugomvi na Brody, ni kijana mpole, hunibebea kamera bila kuombwa. Lakini miguu yake ni mizito kwa nafasi ile, na mwenyewe anajua. Aliwekwa pale kwa sababu baba yake ndiye mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa timu, na Kocha hawezi kumgusa. Kwa hiyo mwenye ukuta uliobomoka ndiye anayeuliza kama mwenye nyumba ana moyo, na wewe unamjibu!

Sisemi Corbin ni malaika. Anamkazia macho mdakaji mmoja mpaka uwanja mzima unajua mpira unakwenda wapi. Hajui kuutupa nje na kuishi kupigana tena. Na ndiyo, siku hizi anaanza kukimbia kabla hajaguswa, hilo uliliona sawasawa. Ila mwezi wa nane hakuwa hivyo, nina picha. Alikuwa anasimama kama nguzo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu katafunwa majuma sita. Ungemkuta na ukuta wa kweli na sekunde tatu za kupumua, ungeona mkono ambao mji huu haujauona. Mkono wako haukuufikia, na nasema hivyo mimi niliyeuona wako kila wiki.

Tena niliona zaidi ya mkono. Nikukumbushe mwaka 1981. Mama alikuwa kwenye kinu cha pamba usiku na mchana, nami, dada mtu mwenye miaka ishirini, ndiye niliyekuwa nawafulia. Jezi zetu za nyumbani ni nyeupe hadi leo. Yako, Royce, nilikuwa naisuuza tu. Wakati mwingine niliinusa, nikaipiga pasi na kuitundika. Ya Gaylon niliiloweka tangu Ijumaa hadi Jumapili, udongo wake, nyasi zake, damu ya pua yake, na bado haikutakata. Gaylon alisimama kushoto kwako misimu miwili na hakuna mtu aliyekufikia. Gazeti likaandika kwamba Royce Pruitt ana utulivu wa ajabu. Nani asingetulia!

Halafu goti la Gaylon likavunjika, akikulinda wewe. Wiki iliyofuata mkaenda Quill Creek bila yeye. Unasimulia kila mwaka kwamba mlifungwa kwa sababu ya mvua. Mvua ilinyesha baada ya mechi, tulipokuwa tumeshaingia garini. Uliangushwa mara sita. Kipindi cha mwisho ulikuwa unakimbia vivuli, mdogo wangu, na njiani kurudi ulilia garini ukiwa umelala mapajani kwangu. Nani katika mji huu alisema huna moyo? Hakuna hata mmoja. Walisema, maskini Royce, ukuta wake umeondoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Wewe ukaenda chuo, Gaylon akabaki na mguu wake usiokunjika. Hakukulaumu hata siku moja. Miaka mitatu iliyopita, wiki aliyofariki, alimwambia Corbin, "Ukitaka kujua mpira unavyochezwa, mwulize babu yako Royce." Ndiyo maana mtoto huyu amekuweka juu kuliko kocha yeyote. Jumapili, baada ya kile kibao, alinifuata jikoni akaniuliza taratibu, "Bibi, babu Royce kasema kweli? Mimi ni mwoga?" Nilikuwa na maneno ya kumjibu Buddy, na ya Kocha nilikuwa nayo. Huyu nilimkatia kipande cha keki kama mjinga.

Basi fungua kifurushi kilichokuja na barua hii. Njugu za pekani za mti wa Mama hazimo. Miaka thelathini nimekutumia kila Oktoba, mwaka huu wamezila kuku na sijuti. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye mechi zote sita kutoka juu. Tazama kushoto. Tazama kushoto tu, mpira uuache. Jumamosi hii sema unavyotaka, kifurushi huenda kisiwe kimefika. Lakini Jumamosi ya tarehe 21 Buddy atakapoegemeza simu kwenye chupa ya tomato, nitakuwa meza ya pili, na Darla atakuwa na birika mkononi. Uwaambie ulichokiona. Utamke na neno "nilikosea", tena kwa sauti, maana Buddy sikio moja limekufa.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna jezi ya Corbin ya Ijumaa iliyopita. Siku hizi Darla anafanya zamu mbili, kwa hiyo ninayemfulia ni mimi. Hii sikuifua. Itoe mfukoni, itandaze mezani mbele ya wifi, uitazame mgongoni, upande wa kushoto, palipochanika nikapashona. Unaifahamu jezi hiyo. Umewahi kuiona nyumbani kwetu, imetundikwa pembeni ya yako iliyokuwa safi.

Sasa iloweke. Ifue wewe, kwa mikono yako, si Maureen na si mashine. Misimu miwili nilikufulia, na Gaylon alichafuka misimu miwili ili usichafuke, hii moja utatulipa. Mechi mbili zijazo ni za ugenini, wanavaa kijani, kwa hiyo una muda. Ila tarehe 27 anatakiwa kuivaa, basi itume mapema. Na doa lisipotoka lote, usifadhaike. La Gaylon halikutoka pia.

Nisalimie sana wifi Maureen, na watoto Keith na Paula, na mjukuu yule mpya ambaye bado sijapakata. Lottie wa mkahawani anakusalimu. Darla hajatuma salamu, na sikumwomba. Corbin anakusalimu. Amesema nikwambie hajakasirika.

Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe afya, na akupe macho ya kuona pembeni.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Verna