Viatu Nilivyovaa Siku ya Mungu

Alhamisi. Mvua ya kwanza ya msimu imepita juu ya Likasi bila haraka, na sasa jua la alasiri limerudi, dhaifu kama mimi.

Nimelala karibu na dirisha. Siku hizi sijui vizuri ni saa ngapi nimelala na saa ngapi niko macho. Maua ya jakaranda yameanguka uani, na nikifumba macho yanaendelea kuanguka. Najisikia nikihubiri. Benchi zimejaa wachimbaji wenye mikono ya kijani, ile rangi ya mawe ya shaba ambayo haitoki kwa sabuni. Wanaimba bila sauti, na wote wananitazama miguuni.

Najua wanatazama nini.

Nilikuwa mchungaji wao kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma, nao walinisikiliza kuliko walivyowasikiliza wakubwa wa mji. Nilikuwa na sheria moja nisiyoilegeza: siku ya Mungu hakuna kushuka shimoni. Waliishika. Jumapili machimbo ya upande wa Kamatanda yalikuwa kimya hata ungesikia njiwa. Tena kila kikosi kilikuwa na desturi ya kutenga mfuko mmoja wa mawe kwa ajili ya kanisa. Tuliuita mfuko wa Bwana.

Mwaka mmoja tulitaka bati za paa la kanisa. Mnunuzi wa mawe akatuma habari kwamba lori lake litaondoka Jumapili, halitangoji Jumatatu, na mifuko ya Bwana ilikuwa bado machimboni. Baada ya ibada nikaenda, na suti yangu na viatu vyangu vyeusi, nikawaita vijana wawili wapakie, nikawasimamia mpaka mwisho. Nilijiambia hii ni kazi ya Mungu. Nikarudi na udongo mwekundu hadi vifundoni, nikapita katikati ya mtaa watu wakiwa wameketi nje wanakula.

Walinisalimia vizuri. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jumapili iliyofuata benchi mbili zilikuwa tupu. Halafu tano. Mchungaji akigeuza njia, kondoo hawaombi maelezo, wanageuka naye. Jumapili ya nne, mvua ikiwa imelowesha ardhi usiku kucha, Ilunga alishuka na shimo likamfunika. Alikuwa sauti ya chini ya kwaya yetu. Kabla ya viatu vyangu hakuwahi kukosa ibada hata moja.

Lakini hata hilo silo lililonizuia kulala miaka hii yote.

Kaburini nilisimama wima, nikasema kwa sauti kubwa kwamba Ilunga amekufa kwa sababu amevunja siku ya Mungu. Niliogopa asije mtu akaikumbuka ile Jumapili yangu. Kwa hiyo nikamtwisha lawama marehemu, ambaye hangeweza kujibu. Watu wakaitika amina. Paa likaezekwa. Kanisa liko jirani; mvua ikinyesha juu ya bati zile naisikia kutoka kitandani hapa, na leo nimeisikia.

Mjane wa Ilunga, Mama Jolie, ndiye anayeniletea chakula kila Alhamisi. Akina mama wa kanisa wamegawana siku za kutunza wagonjwa, na Alhamisi ni yake. Leo ameingia akikung'uta maji kwenye kitenge, akaweka sahani ya bukari, ugali wetu, mezani.

— Baba Pasta, leo utamaliza. Wiki ilipita ulinirudishia yote, sasa mbwa yangu njo ananenepa pa nafasi yako!

Nimecheka. Kisha nimemwambia yote, kuanzia lori mpaka kaburi, nikiutazama ukuta.

Matone yalikuwa yakidondoka kutoka paani, moja moja.

— Unajua namna gani balikuwa banamuita Jolie ku masomo? Mutoto ya ule alikufa siku ya Mungu. Na minye nilikuwa namupiga akirudi na machozi. Nilikuwa namuambia, bantu banasema kweli, Pasta alisema.

Nimemwomba msamaha.

— Apana. Kwanza musamaha haiko kwangu peke. Ulisemea mbele ya bantu bote, utarudilia kusema kweli mbele ya bantu bote.

— Mama, mimi hata kusimama siwezi.

— Ile siku ulisimama muzuri.

Kisha ameuliza viatu viko wapi. Nimemwonyesha chini ya kitanda. Sikuvivaa tena, wala sikuweza kuvitupa. Amevitoa, amevigeuza mkononi kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, akavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje.

— Siku ya Mungu Jolie atakuja kukubeba na pikipiki. Utabivala.

Ameondoka bila kufunika sahani. Hufunika kila mara.

Nimekula bukari yote, ikiwa baridi.

Sasa naandika haya kwenye ukurasa huu wa mtandaoni ambao wajukuu walinifungulia ili niandike kumbukumbu za shule na za utoto. Wasomaji wangu ni wachache, wengi ni ndugu. Nawaomba jambo moja. Kama pumzi itakatika kabla ya Jumapili, Jolie mwenyewe asimame mbele kanisani asome hapa: baba yake hakufa kwa dhambi yake. Alimfuata mchungaji wake.

Lakini Bwana, nisingependa asome yeye. Nipe siku hizi tatu.

Usingizi unakuja tena, na maua yale. Safari hii wachimbaji hawatazami miguu yangu; wanatazama mlango.

Kesho ni Ijumaa. Nitajaribu kusimama, nikishika ukuta.