Ng'ombe Wetu Yuko kwa Mama Eliza

Tlawi, Jumapili, Julai 2004

Ameenda tena. Jumapili ya tatu hii mume wangu anatoka kanisani na kunyoosha moja kwa moja kwa Mama Eliza, yule mjane tuliyempa ng'ombe wetu amtunze na kunywa maziwa, kama wazee wetu walivyozoea.

Nilikubali mwenyewe. Hata kamba ya shingoni nilimfunga mimi.

Juzi kwenye mafunzo ya walimu mjini Mbulu, mkufunzi wa saikolojia alisema watu hawadumu pamoja kwa mapenzi peke yake. Mtu hubaki pale alipowekeza, mradi haoni pengine pazuri zaidi. Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinigandia mkononi. Wangu amewekeza wapi?

Jioni amerudi na kibuyu cha maziwa, anacheka. "Mama Eliza anasema ng'ombe akisikia sauti yangu tu, anaachia maziwa."

Anajua hata mahali ng'ombe yule anapopenda kukunwa. Mimi nimesuka nywele tangu Alhamisi, hajaona.

Nikamwambia, "Baba Yohana, kesho umrudishe ng'ombe nyumbani."

"Nani atamkamua? Wewe kutwa uko shule."

"Mimi."

Akanitazama kichwani. "Kumbe umesuka," akasema.

Nilifurahi, nikajichukia kwa kufurahi upesi hivyo.

Watoto wa Mama Eliza watakunywa chai ya rangi. Hilo linaniuma, sitajidanganya. Lakini ng'ombe kesho analala hapa.