Paka Waliocheza Tsubozaki

Tsubozaki, 3 Machi 1955

Mwanangu Fusae,

Hujambo huko Osaka? Sisi hatujambo, na kikohozi cha baba yako kimeisha. Mdogo wako Kiwa ameng'oka jino la mbele, anakusalimu kwa pengo lake.

Yule paka mchanga uliyetuachia, Mame, ameanza vituko. Juzi alikuwa akifukuza mkia wake kama kawaida. Jana kaamka anapepesuka, miguu ya nyuma inakwenda huku, ya mbele kule. Anazunguka, anaanguka, anazunguka tena. Baba yako kacheka: "Nani kamnywesha pombe yangu ya sake?" Mama Iwao, jirani, anasema paka wake naye anacheza vivyo hivyo. Watoto wanawapigia makofi.

Mama yako

Osaka, 14 Machi

Mama mpenzi,

Nawaamkia, wewe na baba. Mimi mzima, ila masikio yanavuma kwa mashine za uzi.

Barua yako niliwasomea wenzangu bwenini, tukacheka. Baadaye kicheko kikanikauka. Labda Mame ana njaa. Mwongezee vichwa vya samaki, mama, na matumbo, apate nguvu.

Mwanao Fusae

Tsubozaki, 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tunaendelea.

Vichwa nilimpa. Alikula, akazidi. Mate yakamtoka, akawa ananitazama bila kuniona. Nikimwita anageukia ukutani. Jumapili aliukimbilia ukuta, akaugonga kwa pua, akarudi, akaugonga tena. Kisha akatoka mbio hadi gatini na kujitupa majini. Paka aliyekuwa anaogopa hata umande, Fusae. Hakujaribu kuogelea.

Paka wa Mama Iwao alimfuata. Sasa kijiji hakina paka. Panya wanatembea juu ya nyavu mchana kweupe, wala hawana haraka. Kunguru wanaanguka ufukweni wangali hai, unawaokota kwa mkono.

Kiwa kalia sana. Tangu jana anasema viatu vinamkataa, kamba hazifungiki. Nadhani ni huzuni.

Mama yako

Osaka, 9 Aprili

Mama,

Nisamehe, salamu zangu leo ni fupi. Kamba za viatu Kiwa anazijua, nilimfundisha mwenyewe.

Mama, paka walikula nini? Walikula mnachokula ninyi. Na mimi ndiye niliyesema Mame aongezewe. Maji machafu ya kile kiwanda cha kemikali cha mjini kwetu yanamwagwa humo humo ghubani mnamovua. Sina elimu ya kuthibitisha, lakini acheni samaki. Kuleni viazi na shayiri. Mleteni Kiwa kwangu. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanao Fusae

Tsubozaki, 20 Juni

Fusae,

Natumaini u mzima. Si kawaida yangu kuandika, vumilia mwandiko.

Mama yako na Kiwa wako hospitali, wodi ya kufungiwa wagonjwa wa kuambukiza. Barua yako tuliisoma. Tukaendelea kula samaki. Mvuvi ale nini? Mama yako alitaka kukujibu, kalamu ikamtoka vidoleni. Kiwa hasemi tena. Nikisimama kitandani kwake ananitazama, lakini sijui anamwona nani.

Watu hawapiti mbele ya nyumba yetu. Mwenye duka anapokea sarafu zangu kwa koleo. Mama Iwao anamficha mwanawe chumba cha nyuma, ila tunamsikia akigonga ukuta.

Samaki nimeacha. Leo bakuli la viazi limeniteleza mkononi.

Usije. Ukiulizwa kwenu ni wapi, taja mahali pengine. Barua hii ichome.

Baba yako

Osaka, 25 Juni

Baba,

Shikamoo. Msimamizi wangu aliniuliza naomba ruhusa ya kwenda wapi. Nikamwambia Tsubozaki, kwetu. Akarudi nyuma, akaniambia nipitie mlango wa uani.

Nimeshakata tiketi. Nakuja na mchele. Ukiniona stesheni usinikimbie, nami sitakukimbia, hata ukiwa unatembea vipi.

Mwanao Fusae