Jalada Gumu

Mama mkwe amekuja kuniaga kabla sijapelekwa jela.

Sikia, fundi. Jana mke wangu alinisikia nikimwambia muuza vitabu kwenye simu, "Lile jalada gumu lifiche, mke wangu asijue." Mimi nasema vitabu vyangu vya picha, vya yule shujaa anayeruka. Yeye akaelewa jalada la polisi. Tena gumu.

Leo narudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe analia sebuleni na shemeji kavaa suti.

"Baba, sema ukweli. Umeua?" mama mkwe akaniuliza.

Umeua. Nimeulizwa hivyo kwangu, hata viatu sijavua.

Ikabidi nivitoe vitabu vyote sita chini ya kitanda. Mama mkwe akafungua cha kwanza. "Huyu aliyevaa nguo ya ndani juu ya suruali ndiye shahidi?"

Mke wangu akasema niache kununua, nina mvi. Nikakubali, kaka, nilikubali kabisa. Mama mkwe hakuinua hata macho kitabuni. "Aache vipi, na huyu bado yuko shimoni?"

Basi cha saba, lile jalada gumu, nanunua. Vitatu kaondoka navyo mama mkwe, vitatu shemeji, na mimi nalala kwenye kochi.