Mtihani Niliouandika Mwenyewe

Shangazi yangu,

Kikohozi kimeisha, na cherehani yako bado ndiyo meza ya kompyuta yangu. Usinicheke.

Jana nilienda kwenye usaili wa waandishi wa programu, mkataba wa miezi sita. Tulikuwa kumi na wanane, nafasi moja. Wakatupa programu mbovu tuirekebishe. Shangazi, ilikuwa yangu! Niliiandika mwaka juzi, kabla kampuni hiyo hiyo haijaniachisha kazi kwa ujumbe wa mistari miwili.

Dakika nne nikawa nimeimaliza. Nilipomweleza bosi kuwa niliiandika mimi, akacheka.

"Karibu tena, kwa masharti yale yale."

Nikafuta marekebisho yangu mbele yake. "Basi na ubovu ubaki ule ule."

Kaka yako akikuuliza, usimwambie nimekosa kazi. Mwambie nimeikataa.

Mwanao, mwenye kiburi chako